Lenzi ya Marehemu Baba

Mbodze, mpiga picha za harusi, aliangusha lenzi yake ngazini ikavunjika, kwenye nyumba moja ya Mji wa Kale. Akafunga kwenye kamera lenzi kuukuu ya marehemu babake, ambayo kamera haikuweza kuipimia mwanga yenyewe, ikabidi akisie kwa mkono. Picha zikatoka nyeupe pe. Akipunguza mwanga, giza tupu. Wanawake walijazana hadi mlangoni, hapana pa kutokea.

"Mwanangu, mbona wasitasita?" mamake bibi harusi akauliza.

Kila mara wanawake walipomsogeza bibi harusi, mwanga ulibadilika, naye Mbodze akaanza upya kukisia.

"Bi Ruweida, tafadhali kaa hapo dirishani, usiondoke," akamsihi bibi harusi.

"Alhamdulillahi," bibi harusi akanong'ona, "nimechoka kuvutwavutwa."

Mbodze akazungusha polepole pete ya lenzi, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga, akipiga na kutazama, mpaka hina ya mikononi ikaonekana vizuri.