Sifuri Kwenye Mguu wa Mama

Hasira zilimpanda Esther pale pale mlangoni, hata shikamoo akaisahau. Mama yake, Scholastika, alikuwa kwenye kigoda, mguu wa kulia umekunjwa. Miezi miwili iliyopita maji ya maharage yalimmwagikia nyuma ya goti. Kidonda kilishapona, lakini goti halinyooki.

"Nyoosha, mama."

"Ungenyooka ningekuwa nimekaa hapa? Kabichi zinaniozea shambani!"

Na shamba lenyewe liko mteremkoni juu ya kijiji chao, Nyandira. Pale mtu hushuka na tenga kichwani kwa miguu miwili, si mmoja na nusu.

Sasa sikieni upuuzi huu. Esther anasoma hesabu chuoni, Morogoro mjini. Mwaka mzima anaandika milinganyo ya kovu: jinsi seli zinavyozishika nyuzi za ngozi na kuzivuta, na jinsi ngozi inavyosinyaa kama hakuna nguvu ya nje ya kuizuia. Msimamizi wake, Dokta Abdulmajid, akasema hiyo nguvu ya nje inavuruga hesabu, aiweke sifuri. Akaiweka. Kompyuta ikatulia, Dokta akachekelea.

"Kristina alikuja na ubao," mama alisema. Huyo ni jirani, aliwahi kuuguza mtoto aliyeungua. "Alitaka kunifunga mguu ukiwa umenyooka. Nikamfukuza! Nikamwambia binti yangu ndiye msomi wa ngozi, na kanipigia simu, kasema niukunje kwenye mto, nisiuguse mpaka upone."

Loh! Ni kweli Esther alisema, na ubao huo ndio ile nguvu ya nje aliyoiweka sifuri. Tena alisema kwa maringo, kana kwamba miguu ya watu inaishi ndani ya kompyuta. Aibu ilimchoma, na hasira juu yake.

Simu ikaita. Dokta.

"Esther, hongera! Makala yetu imekaribia kupita. Mhakiki mmoja tu anauliza kwa nini nguvu ya nje ni sifuri. Mjibu tumerahisisha."

"Simjibu hivyo!" alifoka, yeye ambaye hajawahi kumpandishia Dokta sauti. "Iondoe makala hiyo, Dokta! Hiyo sifuri nimeileta mwenyewe nyumbani kwetu, na mama yangu hatembei!"

Akakata. 

"Mama, twende hospitali wakalipasue hilo kovu, goti linyooke. Kosa ni langu."

Mama alimtazama weee, machozi yanamlenga. "Na mlima huu nitaushukaje, msomi?"

 Esther alichuchumaa mbele ya kigoda, akampa mgongo.