Kiatu cha Dohani

Clem Hathersall alikuwa ameingiza kichwa na mabega ndani ya dohani alipomsikia Bi Dorcas akiuliza tena kama amekiona kiatu.

"Bado, Bi Dorcas," akajibu, masizi yakamwingia mdomoni. Alistahili kuyala.

Kiatu alikuwa amekiona jana, kwenye kishubaka juu ya boriti ya mwaloni iliyobeba dohani yote. Cha mtoto, cha ngozi, kimekauka kama ukoko. Akadhani ni takataka za panya, akakitupa motoni pamoja na viota vya ndege. Na huyo ndiye fundi wa nyumba za kale! Kila mwashi wa Shropshire, huko Uingereza, anajua kuwa wazee waliojenga nyumba hizi za wageni walificha kiatu juu ya meko, kizuie pepo wabaya kuingia kwa dohani, mlango pekee usiofungika. Haraka ya kuwahi bia ilimponza.

Bi Dorcas, mwenye nyumba hii, alizaliwa humo humo, katika chumba cha juu chenye sakafu iliyoinama hadi miguu ya kitanda ikawekewa kabari. Dohani ilipofunguliwa mara ya mwisho, mama yake alikishika kiatu kile, kisha ukuta ukazibwa. Tangu hapo Bi Dorcas alikuwa akingoja zamu yake.

"Na miwani hiyo, hata farasi ungempita bila kumwona," Bi Dorcas akamtania.

Clem alicheka, na kicheko kikamkera mwenyewe. Panya wamekibeba, angesema hivyo. Nani angebisha?

Baada ya chakula cha mchana Bi Dorcas akarudi, mkono mmoja ndani ya aproni. Akatoa kiatu kidogo cha buluu chenye kamba nyeupe. Clem alikitambua, ndicho Robin, mtoto wa Bi Dorcas, alichovaa akijifunza kutembea, kabla homa ya uti wa mgongo haijamchukua.

"Ukikipata kile cha zamani, uviweke pamoja," akasema. "Sitaki mwanangu akae huko gizani peke yake."

Clem akauweka mwiko chini.

"Hakipo, Bi Dorcas. Nilikichoma. Jana. Sikukiangalia."

Bi Dorcas hakumtukana, afadhali angemtukana. Aliinama chini ya boriti, akaketi kwenye benchi la mawe pembeni mwa meko, akakiweka kiatu cha Robin mapajani. Akaanza kukifunga kamba, taratibu, na Clem akasimama na tofali mkononi, asijue kama ataambiwa akizibe kishubaka kikiwa kitupu.