Ng'ombe Kifuani mwa Nikuze

Alhamisi saa tatu asubuhi Nikuze alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya kitongoji chao, huko Kibingo, na picha nne za pasipoti ndani ya bahasha, akisubiri kuitwa. Vidole vikaingia ganzi. Jasho likamtoka, moyo ukaanza kwenda mbio. Ng'ombe akatokea kwenye migomba, akapanda barazani, akamwangusha chali na kumlalia kifuani.

"Kaja," alisema Bi Kemirembe, mkunga wa kitongoji, akauondoa mwavuli wake usikanyagwe.

Alikuwa Bihogo, jike wa rangi ya kahawia mwenye pembe ndefu, sikio la kushoto limekatwa kwa alama ya marehemu baba yake Nikuze. Mgambo walimswaga mwaka ule wa msako wa wahamiaji, yeye na wenzake kumi na mmoja, wakisema ni mifugo ya wageni. Mzee alikufa kwa kihoro kabla ya mavuno. Tangu hapo Bihogo peke yake alirudi, akawa anamlalia Nikuze popote: sokoni, kanisani, kwenye mibuni akichuma kahawa. Majirani hawakuwa na neno, ila walilalamika kwamba anakula migomba yao.

Shida ilikuwa maswali. Mwenyekiti Rwegoshora aliuliza matatu kabla ya kutoa barua ya ukazi, na asiyejibu si wa hapa, huvushwa mpaka, yeye na watoto wake. Nikuze alikuwa na wawili, na ng'ambo hakujua hata mtu mmoja. Alishashindwa mara mbili. Ebu niambie, nani anaweza kuongea na ng'ombe mzima kifuani? Leo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Miezi miwili sasa alikuwa akienda Kayanga kila Jumanne kwa Kauthar, mshauri nasaha. Kauthar alihakikisha kwanza amepimwa moyo, ukaonekana mzima. Siku ya kwanza Bihogo alipoingia chumbani, Kauthar alisogeza meza.

"Nakufa, dada," Nikuze alisema.

"Hufi, mama. Mwili wako unadhani mgambo wamerudi. Hofu hupanda, ikafika mwisho wake, ikashuka yenyewe. Usiikimbie. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta. Huyu anaitwa nani?"

Kwao ng'ombe aliyeporwa hatajwi jina, maana kumwita bila kuwa na zizi la kumlaza ni kumtesa. Nikuze alikuwa amelinyamazia jina lile miaka yote. Lilimtoka na kilio cha nusu saa. Bihogo akainuka mwenyewe, akaenda nje kula majani. Jumanne zilizofuata walilirudia jina, wakairudia pumzi, na kila mara ng'ombe alikaa muda mfupi zaidi kuliko mara iliyotangulia.

"Umezaliwa wapi?" Rwegoshora aliuliza Alhamisi ile, amesimama mlangoni mwa ofisi.

Nikuze alitoa pumzi akihesabu hadi sita. Hofu ikapanda. Akatoa nyingine.

"Sogea kidogo, Bihogo."

Ng'ombe akainua goti moja.

"Hapahapa," Nikuze alimjibu mwenyekiti.

"Baba yako nani?"

"Habumugisha, wa zizi la bondeni."

"Nani anakujua?"

"Mimi," alisema Bi Kemirembe. "Kitovu chake nimekikata mimi."

Rwegoshora alilitazama sikio la ng'ombe. Alama ile aliijua vizuri. Wale kumi na mmoja walikuwa zizini kwake, na maziwa yao ndiyo aliyoyanywa asubuhi hiyo.

"Na huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Una kibali cha kufuga?"

Hakuwa nacho. Rwegoshora aliongeza mstari mmoja kwenye barua, akaisaini, akagonga muhuri, kisha akamwagiza mgambo amswage ng'ombe huyo naye hadi zizini. Bihogo akaenda, kama alivyokwenda mara ya kwanza.

Nikuze akasimama. Kifua kilikuwa chepesi, na hasira ikakijaza chote. Aliisoma barua palepale barazani, mara mbili.

"Inasemaje?" aliuliza Bi Kemirembe, ambaye hakujua kusoma.

"Inasema mimi ni wa hapa," Nikuze alijibu. "Na kwamba sina ng'ombe."