Nafasi Namba Saba

Tangazo lilibandikwa Jumanne asubuhi, na kufikia saa sita vikombe vyote vya ofisi ya dayosisi vilikuwa vimerudi jikoni vimejaa. Mama Chai hakuhitaji kuambiwa kuna jambo. Kwa miaka kumi na minne ya kuwaandalia watu chai alikuwa amejifunza kuisoma ofisi ile kwa vikombe. Kikombe kitupu, mambo shwari. Kikombe nusu, kuna mtu kaitwa na Askofu. Kikombe kimejaa hadi kimefanya utando juu, basi kuna nafasi za kazi.

Nafasi zilikuwa saba. Makasisi wawili wa parishi mpya, kasisi wa hospitali, mhasibu, dereva, mratibu wa vijana, na chini kabisa, kana kwamba mwandishi aliikumbuka karatasi ikiwa inamwishia, mtunza kumbukumbu. Makasisi waliokuja kuchukua barua zao walisimama mbele ya ubao wakijifanya wanasoma ratiba ya semina iliyokwisha pita mwaka jana. Dereva wa zamani, aliyebakiza wiki tatu astaafu, akaanza kupewa heshima ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, maana kila mwenye mpwa mwenye leseni alitaka kujua gari lina hali gani.

Mama Chai alisoma namba saba tu. Mara ya kwanza aliisoma akiwa na sinia, mara ya pili akiwa na ufagio, na mara ya tatu akiwa hana kitu mkononi, jambo ambalo lingemshtua yeyote ambaye angejali kumtazama.

Stoo ya kumbukumbu ilikuwa nyuma ya jiko. Humo ndimo yalimowekwa madaftari ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya mazishi, kutoka kila parishi, tangu dayosisi ianze. Mtunza wa mwisho alistaafu miaka mitatu iliyopita, akautundika ufunguo kwenye msumari wa jikoni, karibu na kichujio cha chai, akaenda zake. Tangu siku hiyo mtu akija kutafuta cheti cha ubatizo, iwe kwa ajili ya ndoa au ya pasipoti, Katibu wa Dayosisi alichungulia jikoni na kusema neno moja: "Mama Chai, hebu." Naye alifuta mikono, akaingia stoo, akatoka na daftari. Hakuna aliyewahi kumuuliza anayapataje. Walidhani yanajitokeza yenyewe, kama walivyodhani chai inajichemsha.

Na sasa kazi hiyo ilikuwa na jina na namba. Akiipata mtu mwingine, ufunguo ungeondoka kwenye msumari na yeye angebaki na birika. Hilo ndilo lililomkosesha raha kwenye furaha yake yote.

Nyumbani alimweleza mumewe kabla hata hajavua viatu. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na utani mwingi, na wakati huo alikuwa ameinamia saa ya mtu yenye moyo mgonjwa. Alitaka kujua masharti. Cheti cha kidato cha nne, alisema mkewe, na uzoefu wa miaka miwili. Fundi akaiweka chini bisibisi yake ndogo. Cheti kilikuwapo, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo za Jumapili, kilichopatikana mwaka jana kwa masomo ya jioni ambayo ofisi nzima iliamini ni mazoezi ya kwaya. Mama Chai alikuwa hajui kuimba hata kidogo, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

"Mvumilivu hula mbivu," alisema mumewe.

"Na mwingine huvumilia mpaka ikaozea mtini," alijibu. "Niazime kalamu yako nzuri."

Fomu ilitakiwa itiwe saini na kasisi wa parishi ya mwombaji. Mama Chai alimkuta kasisi wao chumbani kwake pembeni ya kanisa, naye alipoona bahasha ya kaki mkononi mwa muumini wake akafunika upesi karatasi iliyokuwa mezani. Hakuifunika vizuri. Ilikuwa fomu ileile, ya nafasi namba tatu. Wakatazamana, kisha wakacheka wote wawili mpaka mhudumu wa madhabahu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Kasisi alikiri kwamba amekuwa akitamani kuwahudumia wagonjwa tangu mama yake alipolazwa, ila aliogopa waumini wakijua watamnunia. Mama Chai naye alikiri kwamba aliogopa wa ofisini wakijua watamcheka. Wakaahidiana kunyamaza. Kasisi akafungua daftari la washarika, akanakili kwenye fomu jina lake la ubatizo, la baba yake na la babu yake, yote matatu kwa mwandiko wa kupendeza, na Mama Chai alipoyasoma alihisi kama anatambulishwa kwa mtu mwingine.

Siku kumi baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yake: aje kwenye usaili Alhamisi, saa nne kamili. Alikuwa bado anautazama kwa tabasamu Katibu alipochungulia jikoni.

"Mama Chai, Alhamisi tuna usaili. Jopo la watu watano. Chai iwe tayari saa nne kamili."

Hapo ndipo angesema. Ulimi ulishafika kwenye meno. Lakini Katibu alikuwa ameshaondoka, na isitoshe kimya kilikuwa kimemfikisha mbali, akaona kimfikishe na kwenye kiti.

Alipanga vizuri. Alhamisi alifika saa kumi na mbili asubuhi, akavaa gauni lake la bluu chini ya aproni, akachemsha chai mapema, akaijaza kwenye chupa mbili na kuzipeleka ukumbini pamoja na vikombe saa tatu na nusu. Waombaji wengine wanne wa namba saba walikuwa barazani, vijana nadhifu wenye mafaili ya plastiki, na mmoja alikuwa na shahada ya mambo hayohayo ya kumbukumbu. Kijana huyo alimwomba maji ya kunywa. Alimletea, akamtakia heri, na alikuwa anamaanisha, ingawa si sana.

Wale wanne wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja akapelekwa stoo kufanya jaribio, kila mmoja akatoka na vumbi kwenye mikono ya shati na uso wa mtu aliyeachwa na basi. Mama Chai alikuwa amekwisha vua aproni aliposikia mlango wa ukumbi. Karani wa mapokezi alikuja na chupa ya chai kwapani. Kanoni mstaafu, kasisi mzee na mwenyekiti wa jopo, alikuwa amekatazwa sukari na daktari, na chai yote ilikuwa na sukari. Tafadhali, kikombe kimoja tu kisicho na sukari, haraka.

Angefanya nini? Alivaa aproni, akawasha jiko.

Birika lilikuwa linaanza kuvuma karani aliporudi barazani, akafungua orodha yake na kuita jina refu la mwombaji wa tano. Hakuna aliyeitika. Akaliita tena. Hakuna mtu ofisini mle aliyewahi kulitumia jina lile, na karani mwenyewe, aliyeletewa chai na mwenye jina hilo kila siku ya kazi kwa miaka sita, hakulijua. Akaita mara ya tatu, kwa haki, kisha akaandika kando ya jina: Hakufika.

Mama Chai alipoingia na kikombe, Katibu alikuwa anakusanya karatasi. Alisema mwombaji wa tano hakutokea, tena afadhali, watamaliza mapema. Kikombe kikagonga kisahani. Mama Chai akakiweka taratibu mbele ya Kanoni, asije akamwaga hata tone.

"Nipo," alisema.

"Nani yupo?" aliuliza Katibu bila kuinua macho.

"Mwombaji wa tano. Ndiye mimi."

Katibu akaitazama karatasi, akaitazama aproni, akairudia karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu. Akasema, kwa sauti ya kusikitika kabisa, kwamba jina limeitwa mara tatu na limeshaandikwa hakufika, na utaratibu ni utaratibu.

Kanoni alionja chai yake. "Hata ndoa tunazitangaza Jumapili tatu, Katibu. Hatutangazi pumzi tatu." Akamgeukia Mama Chai. "Ulikuwa wapi ulipoitwa?"

"Nilikuwa nakuchemshia hiyo chai, Baba Kanoni."

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. Mama Chai akavua aproni, akaikunja mara mbili, akakaa kwenye kiti ambacho alikuwa amekifuta vumbi miaka kumi na minne bila kukikalia. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Ndani ya kifua alikuwa anachekelea.

Walimuuliza mambo mawili matatu, akajibu. Kisha Kanoni akampa jaribio walilopewa wenzake. Kuna mtu aliyebatizwa miaka arobaini na tatu iliyopita katika kanisa la stesheni, na anataka cheti. Wanne wote walikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya parishi ya stesheni na hawakupata kitu. Alipewa dakika kumi.

Mama Chai hakuinuka mara moja. Alisema miaka hiyo stesheni haikuwa parishi. Lilikuwa kanisa dogo chini ya parishi ya sokoni, na watoto wake wote waliandikwa kwenye daftari la parishi mama. Ndipo akaenda. Daftari la sokoni la miaka ile lilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya masanduku ya nyimbo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama na gauni lake la bluu, akalivuta, akafungua, akapitisha kidole. Aliporudi na kuliweka mezani chini ya macho ya jopo, Kanoni aliinua kikombe chake.

"Bado ya moto," alisema.

Katibu aliusoma mstari ule, tarehe, jina la mtoto, wasimamizi, akafunga daftari kwa mikono miwili. Kisha swali likamtoka, swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote.

"Na chai je?"

"Hiyo nafasi nayo ikitangazwa, Katibu, nitasaidia kubandika."

Safari hii yule mjumbe hakukohoa. Alicheka waziwazi.

Matokeo hayakutolewa siku ile. Desturi ya dayosisi ilikuwa kwamba waraka wa Askofu wa uteuzi usomwe siku moja katika parishi zote, baada ya matangazo, ili asipate mtu kujua kabla ya mwenzake. Kwa hiyo Mama Chai alikaa siku kumi bila kulala vizuri. Mumewe alitengeneza saa zote za nyumbani, hata zile zilizokuwa nzima.

Jumapili yenyewe kanisa lilijaa kupita kiasi, maana kila parishi iliogopa kunyang'anywa kasisi wake. Kasisi alipanda kuusoma waraka. Alisoma namba moja na namba mbili. Alipofika namba tatu akasita, akasoma jina lake mwenyewe, na watu wakaguna wote pamoja. Alisubiri wanyamaze. Macho yake yalikuwa yamelowa na alikuwa anatabasamu.

Nne, tano, sita. Mama Chai alikuwa ameushika mkono wa mumewe, naye fundi, mwenye vidole vya kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, aliubana kama koleo.

"Mtunza kumbukumbu wa dayosisi," alisoma Kasisi, kisha akalisoma lile jina, la kwake, la baba yake na la babu yake, polepole, bila kuruka hata moja.

Watu wakageuka huku na huku kumtafuta mwenye jina. Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, aliyekuwa amekaa ubavuni pake, akamwinamia. "Mama Chai, huyo mgeni katoka parishi gani?"

Mama Chai alikuwa bado analisikiliza jina lile likiishia darini.

"Hii hii," alisema, akasimama.