Maji ya Rangi

Makoti meupe ya maabara yetu yana mikunjo isiyotoka hata ukiyapiga pasi ya moto, kwa sababu huvaliwa siku moja tu kwa mwaka. Siku hiyo ni Siku ya Taaluma, wanapokuja wageni kutueleza kazi zao na kututia moyo. Siku nyingine zote makoti hukaa kabatini pamoja na bureti, pipeti, mizani na chupa za kemikali. Kabati lina kufuli, na ufunguo wake hautoki mfukoni mwa mwalimu mkuu. Ndiyo maana wanafunzi tunamwita Kufuli. Ukimwomba afungue, atakuambia vifaa ni ghali na sisi tuna mikono ya kuvunja vitu.

Ikifika Siku ya Taaluma, wanachaguliwa wanafunzi kumi wenye sare safi na kupangwa kwenye meza za maabara. Kila mmoja anapewa bureti, lile bomba refu la kioo lenye koki chini, ya kudondoshea kemikali tone kwa tone ndani ya chupa. Mwalimu wa kemia anaijaza maji ya bomba aliyoyatia rangi nyekundu ya kupambia keki. Chupa nayo anaitia maji yaleyale. Mgeni akiingia, tunafungua koki na kukunja nyuso kama watu wenye mawazo mazito. Mpiga picha anapiga picha zake. Mgeni anasema, "Vizuri sana, endeleeni hivyohivyo," kisha anatoka, nasi tunamwaga.

Hivyohivyo! Miaka mitatu mfululizo nimesimama na maji hayo, na hivyohivyo ndiyo tulivyoendelea.

Kabla yangu alisimama nayo dada yangu. Dada alikuwa kichwa. Mtihani wa mwisho wa kemia ulipokuja, karatasi ya nadharia aliifanya kama anayeandika jina lake. Kwenye karatasi ya vitendo akaanguka, tena vibaya, na ikamkosesha nafasi ya chuo cha uuguzi. Sasa anashona vifungo kwenye kiwanda cha mashati, zamu ya asubuhi hadi jioni. Mama alimwambia, "Ulizubaa, mwanangu, ukadhani uhodari wa kukariri unatosha." Baba hakusema neno, na hilo lilimuuma zaidi. Dada mwenyewe aliamini kwamba ana mikono mibovu. Mpaka leo akiangusha kikombe nyumbani, anasema, "Si mnanijua."

Mimi nataka kuwa mtaalamu wa maabara. Mwaka huu niko kidato cha nne, na Siku ya Taaluma ilipofika, mtihani wetu wa vitendo ulikuwa umebakiza wiki sita. Usiku silali vizuri. Sijui hata koki ya bureti ikiwa na kemikali ya kweli inakaaje mkononi.

Mgeni tuliyeahidiwa alikuwa daktari mkuu wa hospitali. Kufuli alikuwa amemwandalia kiti chenye kitambaa. Asubuhi ikaja simu kwamba daktari amepata dharura na anamtuma mtu wa maabara. Akashuka kwenye pikipiki mwanamke wa makamo, viatu vya kawaida, vidole vimekauka kwa kunawa mara kwa mara. Nilimsikia Kufuli akimnong'oneza mwenyekiti wa kamati ya wazazi, "Tumeomba daktari, wametuletea mpima mkojo." Mwenyekiti hakucheka. Mimi ndiye niliyesikia uso ukiniwaka, maana hiyo ndiyo kazi ninayoitaka.

Mgeni aliingia maabara akapita meza moja moja bila haraka. Kwangu akasimama. Akaitazama chupa, akaitazama bureti, akainama kidogo na kunusa.

"Hii imekuwa nyekundu tangu lini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu asubuhi, mama."

"Na huko juu kwenye bureti pia?"

"Pia, mama."

Alimgeukia mwalimu wa kemia. Mwalimu wa kemia akawa anaangalia feni, ambayo haikuwa inazunguka. Mgeni akaendelea na safari yake hadi mlangoni.

Hapo ndipo nilipochukia hasa. Wale wengine wote walikuwa hawajui, nikawasamehe. Huyu alijua. Alijua, akanipita kama ninavyopitwa kila mwaka, akaenda ukumbini kupigiwa makofi.

Ukumbini alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alieleza jinsi tone moja la damu linavyoweza kumwambia daktari ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe hajaujua. Kisha ukafika wakati wa maswali. Hapa shuleni maswali hayaulizwi ovyo. Mwalimu wa nidhamu huyaandika kwenye vikaratasi siku moja kabla na kuyagawa, nawe unasimama na kusoma ulichopewa. Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alisoma chake: "Je, unatupa ushauri gani sisi vijana wa leo?" Changu kiliandikwa: "Je, ni nini siri ya mafanikio yako?"

Nilisimama nacho mkononi. Nilitaka kukisoma, nasema kweli. Lakini nilipofungua mdomo, hasira ikatangulia.

"Mama, mtihani wetu wa vitendo ni baada ya wiki sita, na mimi sijawahi kushika kemikali hata siku moja. Yale uliyoyaona kule ni maji ya bomba na rangi ya keki, nawe umeyajua. Naomba uniambie, mtu kama mimi awe na siri gani ya kufaulu?"

Hata Redio alizimika. Kufuli alisimama haraka akicheka kicheko cha kuomba radhi.

"Mgeni wetu, utusamehe. Huyu binti ana mambo yake ya nyumbani. Shule hii ina maabara kamili. Kemikali zipo, tena tele, nyingine hata hatujazigusa!"

"Basi twende tukaziguse," mgeni akasema.

"Leo ratiba imebana kidogo..."

"Mimi narudi zamu saa tisa," mgeni akasema, akiwa ameshaanza kushuka jukwaani. "Muda upo."

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi naye akainuka. "Hata mimi ningependa kuviona vifaa hivyo, mwalimu mkuu. Kila mwaka tunachangia, sijawahi kuviona."

Kufuli alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Tulimfuata kidato cha nne kizima, watu arobaini na watatu, tukamwona akihangaika na kufuli lililoshika kutu. Kabati lilipofunguka, kila kitu kilikuwa mahali pake. Bureti zilizobaki zilikuwa ndani ya makaratasi ya kiwandani. Chupa za kemikali zilikuwa na utepe wake shingoni, haujakatwa. Mgeni alichukua kopo moja la sodiamu haidroksaidi, akalitikisa, nalo likagonga kama lina jiwe ndani. Chembe zote zilikuwa zimegandamana kwa kukaa.

"Angalia," Kufuli akamwambia mwenyekiti, na nakuapia alisema kwa fahari, "hakuna hata kimoja kilichovunjika."

Mgeni akaomba kisu. Alilibandua lile jiwe kipande kidogo, akakiyeyusha kwenye maji, akatuambia halifai tena kwa vipimo vya kweli ila kwa mazoezi litatosha. Asidi ilikuwa bado nzima. Akamwaga maji yangu ya rangi kwenye sinki, akasuuza bureti, akaijaza ule myeyusho wa jiwe. Safari hii yaliyomo yalikuwa meupe kabisa, kama maji ya kunywa. Chupani akatia asidi, nayo nyeupe, na matone mawili ya kiashiria, dawa ya kubadilisha rangi asidi inapokwisha. Bado nyeupe.

"Njoo wewe mwenye swali," akasema.

Nilifungua koki. Tone likaanguka, pakatokea doa la rangi ya waridi, nikatikisa, likapotea. Jingine, likapotea. Baadaye rangi ikatokea ikabaki, hafifu sana, nami nikaendelea. Nilitaka ikolee. Nikaongeza, nikaongeza, mpaka chupa ikawa nyekundu ya kupendeza kama ile ya kila mwaka. Nikafunga koki na kuiinua juu.

"Umepitiliza," mgeni akasema.

"Lakini ndiyo kwanza imekolea, mama."

"Haitakiwi kukolea. Mwisho wake ni pale ilipobaki kwa mara ya kwanza, waridi hafifu, kiasi cha kujiuliza kama umeiona kweli. Tone moja baada ya hapo umeshakosa. Hii uliyonayo ni sifuri." Akaishika chupa yangu. "Nani alikufundisha iwe hivi?"

Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeonyeshwa tu, miaka mitatu, nikiwa nimevalishwa koti. Nikamkumbuka dada yangu.

Tulifika watu kumi na mmoja tuliojaribu, saa ya zamu yake ikakaribia. Mgeni alipopanda pikipiki yake, Kufuli alitutoa wote nje, akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akaninyooshea kidole. "Wewe Jumatatu uje na mzazi. La sivyo mtihani utausikia redioni."

Jioni nilimkuta dada uani anafua sare yake ya kiwandani.

"Dada, ule mtihani wa vitendo. Ulitia mpaka ikawaje?"

"Yamekuwa hayo tena?"

"Niambie tu."

"Ikakolea," alisema. "Mwanzoni ilikuwa imefifia, nikasema hapana, mimi nilishasimama nayo siku ya wageni, naijua. Nikaongeza mpaka ikawa yenyewe. Mara tatu, zote sawasawa. Nilikuwa makini, mdogo wangu, hujui tu nilivyokuwa makini."

Nikamweleza. Aliacha kufua. Povu lilikuwa likimkauka mikononi naye ananitazama.

"Kwa hiyo pale ilipofifia, ndipo."

"Ndipo, dada."

"Nilikuwa nimeipata."

"Mara zote tatu."

Hakulia. Aliikamua sare, akaianika, akaibana vibanio. Kisha akasema, "Mama usimsumbue. Jumatatu naenda mimi."

Jumatatu Kufuli alitukaribisha ofisini kwa kutotukaribisha. Mwalimu wa kemia alikuwa amesimama pembeni, ameitwa kuwa shahidi.

"Nilisema mzazi," Kufuli akaanza.

"Shikamoo, mwalimu. Mama yuko kazini. Mimi ndiye dada yake mkubwa."

Hakuitikia. Akaanza hotuba yake ya nidhamu, heshima kwa wageni na jina la shule. Dada hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama ukutani nyuma yake. Kulikuwa na picha kubwa ndani ya fremu, ambayo mimi sikuwahi kuiona kwa kuwa sikuwahi kuitwa humo. Binti amevaa koti jeupe lenye mikunjo, ameinua chupa nyekundu kwenye mwanga wa dirisha, anatabasamu. Chini yake pameandikwa: Sayansi kwa Vitendo. Alikuwa dada yangu.

"Mwalimu," dada alimkatiza, "hiyo chupa niliyoshika hapo ndiyo niliyoifuata kwenye mtihani."

Kufuli aligeuka akaitazama picha, asielewe. Dada akamweleza polepole, bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mtoto. Tone. Waridi hafifu. Sifuri.

"Lakini mlijua yale ni maonyesho tu," Kufuli akasema.

"Tungejulia wapi? Ya kweli ulituonyesha lini?"

"Vifaa vile ni mali ya shule, binti. Vingevunjwa..."

"Nimevunjika mimi!" Hapo sauti yake ilipanda, nikasikia nyayo za watu zikisimama kwenye korido. "Miaka minne najiita mjinga nyumbani kwetu. Baba yangu mpaka leo hanitazami nikitaja shule. Na wewe umenitundika hapa nicheke!"

Mwalimu wa kemia alikohoa. "Ni kweli anayosema, mwalimu mkuu," alisema huku akiangalia viatu vyake. "Na mimi nilikuwa natia ile rangi, nikanyamaza."

Kufuli akatuambia twende zetu, tutazungumza siku nyingine. Dada alivuta kiti akaketi. Akanionyesha kingine, nami nikaketi.

"Leo kiwandani sijaenda," alisema. "Wameshaniandika mtoro. Sina haraka yoyote."

Kengele ya kipindi cha pili iligonga. Ikagonga ya tatu. Mhazini aliingia na karatasi za kusainiwa, akatuona, akarudi alikotoka. Redio alipita dirishani mara mbili, na nina hakika shule nzima ilishapata habari. Mwalimu wa kemia naye hakuondoka, alibaki amesimama palepale. Mwishoni Kufuli aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mezani kwa kishindo.

Dada aliuchukua, akampa mwalimu wa kemia, wala hakusema asante.