Ukuta Uko Wapi Po?

Kwetu Santa Brihida mtoto akidokoa nyama jikoni husamehewa, lakini akimjibu mkubwa bila kusema "po", atasengenywa mtaa mzima hadi fiesta, sikukuu ya mji, ya mwaka ujao. Ni kineno kidogo tu, kinapachikwa kwenye sentensi ili mkubwa ajue unamheshimu. Mimi Rowelyn nilikijua kabla sijajua kutaja jina langu vizuri. Siku hizi nikiwasikia vijana wakikiruka nanung'unika kama bibi kizee. Mwaka ule wa mafuriko hatukuwa na silaha nyingine, na silaha hiyo ndiyo iliyonikosesha mtu niliyempenda.

Mtu mwenyewe alikuwa Ninong Honorio, yaani baba yangu wa ubatizo, tena meya wetu. Watoto wa ubatizo alikuwa nao tele, si unajua wanasiasa. Lakini mimi alinipenda kweli, na asinibishie mtu. Baba alikuwa baharia, tunamwona mara moja kwa miaka miwili. Aliyenifundisha baiskeli ni Ninong, akikimbia nyuma yangu na viatu vyake vya ofisini, anahema, anapiga kelele, "Kanyaga, mwanangu, usitazame chini!" Mafuta yake ya nywele bado nayasikia puani.

Julai ile nilikuwa na miaka kumi na saba. Mto ulituingilia ndani mpaka usawa wa kitanda cha Lola, bibi yangu. Jambo la ajabu ni kwamba nyuma ya nyumba zetu palisimama bango kubwa lenye sura ya Ninong anatabasamu, limeandikwa: ukuta wa kuzuia mafuriko, umekamilika. Maji yalipopungua, mimi na Dondon, jirani yangu na mwanafunzi mwenzangu, tukaufuata ukuta huo kwa miguu kuanzia darajani. Ulifika kwenye bwawa la samaki la binamu yake meya, ukakoma. Mbele yake matete matupu.

"Wamekula ukuta mzima," Dondon akasema. "Hata kutapika hawatapiki."

Tukakubaliana na wenzetu wa darasa kuuliza hadharani, Jumapili baada ya misa, meya atakapokuja kugawa mchele kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Lola alipopata habari nilidhani atanifungia ndani. Badala yake akatuketisha jikoni, mwiko mkononi.

"Haya, semeni nisikie."

"Mmetuibia!" Dondon akaanza.

Mwiko ukamshukia begani. "Po iko wapi, we mtoto?"

"Mmetuibia po."

Tulicheka mpaka machozi. Lola hakucheka. "Sikilizeni. Ukimtukana mkubwa, watu watasahau alilofanya, watakumbuka ulivyomtukana. Muulize kwa adabu, atakosa pa kushika." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Rowelyn, umeshajiuliza kama unaweza kukaa bila Ninong wako?"

Nikamwambia ninaweza. Nilidanganya.

Jumapili ilipofika Dondon alisimama wa kwanza, hasira zikamzidi. "Mwizi wewe! Ukuta uko wapi?" Uwanja mzima ukaguna. Ninong akatikisa kichwa kwa masikitiko, akashika kipaza sauti. "Mnaona? Tunajenga shule, lakini adabu hatuwezi kuwajengea." Wazee wakapiga makofi. Wanawake wawili wakamvuta Dondon shati akae. Habari ya ukuta ikawa imezikwa palepale.

Nikasimama.

"Ninong, samahani po. Ukuta uko wapi po?"

Aliponiona mimi, tabasamu likamkauka. "Umekamilika, mwanangu."

"Umekamilikia wapi po? Tumetembea po, kutoka darajani hadi kwenye bwawa la binamu yenu po. Kuanzia hapo ni matete po."

Mtu akacheka nyuma. Ninong akashusha sauti. "Rowelyn. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kumejaa tope po."

Wazee walinitazama wakitafuta kosa, wasilione. Ndipo Lola akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, yeye aliyemzidi meya miaka ishirini, akauliza kwa upole, "Basi uko wapi po, Mheshimiwa?" Mwenye duka naye akauliza. Halafu muuza samaki. Muda si muda uwanja mzima unauliza, kila mmoja na po yake, na meya amesimama na mfuko wa mchele mikononi hajui amkabidhi nani.

Wakaguzi walikuja kutoka mkoani. Ninong hakufungwa, ila hakugombea tena, na miaka miwili baadaye ukuta ulifika mwisho. Lola alifia kwenye kitanda kikavu.

Lakini Krismasi ya mwaka uleule wa mafuriko nilikwenda kwa Ninong. Dondon aliniita kichaa. Siku hiyo mtoto wa ubatizo huchukua mkono wa ninong wake, akaugusisha kwenye paji la uso, akabarikiwa. Miaka mingine foleni ilifika barabarani. Safari hii tulikuwa wanane. Zamu yangu ilipofika nikainama, nikanyoosha mkono kuupokea wake. Akatia mikono yote miwili mifukoni.

"Umekua," akasema.

"Ndiyo po."

Nililia njia nzima. Wanaosema nilikuwa shujaa hawakuniona siku ile.

Miaka kumi na moja ilipita hatujasemezana. Alipokufa nilikwenda kwenye msiba, nikapanga foleni na watu wengine. Majeneza yetu huwa na kioo juu. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani, safari hii haina pa kujificha. Nikainama, nikaweka paji la uso kwenye kioo juu ya mkono wake wa kulia, nikakaa hivyo mpaka mjane wake akaja kunishika bega.