Misumari Mdomoni mwa Redio

Mtaa mzima ulimwita Redio, naye hakuona tusi. Redio, alisema, ndiyo yenye habari. Mumewe alikuwa fundi makochi, na katika ndoa yao kazi walikuwa wamegawana vizuri: mke anaongea, mume anapigilia. Fundi asingeweza kuongea hata angetaka, maana mdomo wake ndio uliokuwa mkebe wa misumari. Aliijaza ile midogo ya kichwa bapa, ulimi unasukuma mmoja mpaka kwenye midomo, kichwa kikitangulia, anaudaka, nyundo inashuka. Kitambaa kinanyooka utadhani kimepigwa pasi.

Kisha kiharusi kikampiga asubuhi moja akivaa soksi.

Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta, na upande mmoja wa mdomo umeshuka kama pazia lililochomoka ndoano. Maneno yalikuwamo kichwani, mazima kabisa. Tabu ilikuwa njiani. Neno lilichelewa kufika, na likifika limechoka.

Redio hakuwa mtu wa kungojea neno kituoni. Fundi akianza tu, "Nipe...", kikombe cha chai kimeshafika. Yeye alitaka mkasi. Alikunywa chai. Jirani akimuuliza ameamkaje, Redio anajibu, "Ameamka vizuri, mguu tu unamsumbua." Daktari wa mazoezi aliwakalisha wote wawili, akamtazama Fundi machoni.

"Mzee, ulimi nao unataka mazoezi. Utajitahidi kuongea mwenyewe?"

Fundi akafungua mdomo.

"Atajitahidi, daktari, wala usiwe na wasiwasi," akasema Redio.

Yote aliyafanya kwa mapenzi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Utamgombezaje mtu anayekufunga vifungo vya shati huku anakupangusa vumbi begani? Fundi akaanza kunyamaza. Hata ile "Nipe" akaiacha, akawa ananyoosha kidole. Lakini moyoni hofu ilimkaa: kwamba atabaki hivi hivi, mtu wa kusemewa, na hata mbele ya haki ataulizwa yeye, ajibu Redio.

Karakanani kulikuwa na kiti cha mwenye nyumba ya wageni, kimevuliwa kitambaa tangu kabla ya ugonjwa, springi zote nje. Mwenyewe akaleta salamu: anakuja kukichukua, ampelekee fundi mwingine.

Fundi akaburuta mguu mpaka karakanani. Akajaza misumari mdomoni kama zamani, akashika nyundo kwa mkono wa kushoto. Midomo haikushika. Misumari ikamwagika kifuani pamoja na udenda.

"Utaimeza wewe!" Redio akapiga yowe. "Toa! Tema! Yaani umeponea hospitali uje kufia kwenye kiti cha watu?"

Fundi akatema. Akamtazama mkewe, akautazama ule mdomo ambao haujawahi kukosa nguvu. Akanyoosha kidole.

"Mimi?" Redio akatoa macho. "Hujui unachokitaka."

"Ndi... yo," akasema Fundi. "Wewe."

Redio akaguna, lakini akajaza misumari mdomoni mwake. Akakaa kwenye kigoda, akawa anachomoa msumari mmoja mmoja kwenye midomo, anausimamisha kwenye kitambaa, Fundi anaugonga kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni nyundo ilipata kidole gumba cha mkewe.

"Mmmmh!" Redio akarukaruka.

"Pole," akasema Fundi, akashangaa. Neno lilikuwa limetoka zima, na hakuna aliyelisema badala yake.

Walikuwa wamefika upande wa pili wakati mwenye nyumba ya wageni alipopiga hodi na vijana wawili wa kubeba.

"Mama, nimefuata kiti changu," akamwambia Redio. "Pole na mgonjwa. Maana nasikia hataweza tena, eti?"

Mashavu ya Redio yakavimba. Akapiga mguu chini. Akamwonyesha Fundi kwa kidole chenye maumivu. Mgeni akageuka, na karakana yote ikamngoja mzee wa watu.

"Kiti... chako," akaanza Fundi. Neno lililofuata likakwama. Jasho likamtoka. Redio alilijua neno lile, lilimwasha kwenye ulimi, akafumba macho asilione. "Kita... kwisha. Kesho kutwa. Sasa hivi... usikikalie. Springi... itakuuma."

Mgeni akaangua kicheko. "Kumbe fundi bado mtundu vilevile! Haya, nitangoja." Akawageuza vijana wake, wakaenda zao.

Redio akatema misumari kiganjani, machozi yakimlengalenga. "Nusura nipasuke! Mimi ningemwambia kesho."

"Hapo ndipo," akasema Fundi taratibu, "tu... ngekuwa... waongo."

Kiti kilikwisha siku ileile aliyoisema. Asubuhi iliyofuata alikuwa amekaa mezani, vifungo viwili amefunga mwenyewe, cha tatu kimepishana.

"Nipe..." akasema.

Redio alikuwa ameshageukia jikoni. Akasimama. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa msumari mmoja, akaubana kwa midomo, akarudi kukaa mbele ya mumewe, mikono imekunjwa. Akangoja. Maji jikoni yakachemka, yakaanza kumwagikia moto, naye hakutikisika.

"Nipe..." Fundi akavuta pumzi. "Nipe chai."

Redio akacheka mpaka msumari ukaanguka.